Chupa Yangu ya Vidonge vya Pumu

Miaka ile ya hamsini, kilichonilaza katika hospitali ya misheni kando ya mto Tana ni jipu la paja, kubwa kama boga la mashamba ya Wenje. Pumu nilikuwa nayo tangu utotoni, na vidonge vyake nilivijua kuliko nilivyowajua shemeji zangu. Lakini Sista, Mzungu aliyesimamia wodi, alinipokonya chupa pale pale mlangoni.

"Hapa dawa zote hukaa kabatini, Bwana. Mimi ndiye nitakupa."

"Na pumu ikija wewe hupo, Sista?"

"Mimi nipo siku zote."

Akafunga kabati, ufunguo akauning'iniza kiunoni. Nilikuwa nimeshafunga vidonge viwili kwenye pindo la kikoi, mahali tunapofunga kila kitu cha maana, nikajiona mjanja kuliko serikali nzima. Asubuhi yake kikoi kikachukuliwa, kikachemshwa kwenye pipa ili kuua chawa. Chawa sikuwa nao. Vidonge viliyeyuka vyote. Labda pipa nalo lilikuwa na pumu.

Mchana kifua kikabana. Sista alikuwa amevuka kwa mtumbwi kwenda kumtazama mgonjwa ng'ambo, na ufunguo wake kiunoni. Nilivuta pumzi kwa kelele hadi mabati ya paa yakatetemeka.

Jirani yangu wa kitanda, mfugaji Muorma aliyevunjika mguu, akaniuliza, "Mkulima, unakufa au unaimba?"

Nikamwonyesha kabati, kisha ng'ambo. Akajivuta hadi dirishani, akapiga ule ukelele wao wa kuita ng'ombe mtoni. Wallahi, nadhani ng'ombe wa Garsen nzima waligeuka. Sista naye akarudi mbio.

Akafungua kabati, nikameza kimoja, na nilipopata pumzi chupa ilikuwa mkononi mwangu. Sista akanyoosha mkono wake.

"Nirudishie."

"Sirudishi. Ukate mkono kwanza."

"Utameza vyote kwa siku moja!"

"Nimehitimu masomo ya ngumbaru, Sista, kusoma na kuandika najua. Nipe karatasi na penseli. Kila nikimeza nitaandika, nawe uhesabu vilivyobaki."

"Mpe, mama," jirani akasema. "Koo langu ni la ng'ombe, si la wakulima."

Sista akaenda kuleta karatasi na penseli. Kila jioni alihesabu akitafuta kosa, asilipate. Karatasi ile ninayo hadi leo. Mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa kama nyumba: "Kimoja, saa nane mchana. Napumua."