Mshale Ulisema Hamsini

Nilikamatwa na polisi kwa mwendo kasi nikiwa na miaka sabini na moja, kichwani nina kilemba cha Ijumaa, nyuma nimefunga sufuria ya tizeti, ugali wetu wa mahindi.

Mshale wa pikipiki yangu ulikuwa kwenye hamsini. Mashine ya polisi ilisema sabini.

"Bibi, unawahi wapi?" afande akaniuliza.

"Siwahi, mwanangu. Ndio mwendo wangu."

Jibu hilo halikunisaidia.

Naomba nirudi nyuma kidogo, maana hapa Tamale watu wameshaisimulia habari hii vibaya.

Naitwa Memunatu. Nilianza kuendesha pikipiki kabla mwanangu wa kwanza hajaota meno. Kila Ijumaa nampelekea chakula dada yangu Azara, kule Savelugu. Azara haoni. Chakula cha mkono mwingine anakigusa tu na kukisukuma, na nisipofika anakaa na njaa akisema ameshiba.

Basi, pikipiki ikawa inachoka nikipakia magunia ya kokwa za shea. Fundi Tahiru akanifungia sproketi ya nyuma, ile duara ya mnyororo, yenye meno mengi zaidi, ile ya kuvuta mzigo. Ikawa na nguvu za ng'ombe.

Na mwendo wa ng'ombe.

Nililokuwa silijui ni kwamba kwenye pikipiki yangu mshale wa spidi unasoma kwenye injini, si kwenye gurudumu. Injini ikawa inazunguka sana, gurudumu linazunguka kidogo, mshale unajisifu bure.

Siku moja nikampakia shemeji yangu Ziblim, mdogo wa marehemu mume wangu. Akachungulia begani kwangu. Sitini na tano.

"Shemeji, unatuua!"

"Mbona lori la viazi vikuu limetupita?"

"Lori lina wazimu wake, na wewe una wako!"

Kesho yake kikao. Ziblim akatoa hukumu: "Atakayepita hamsini na mzigo tena, au sabini mtupu, anatoa ufunguo. Pikipiki inauzwa."

Nikamfikiria Azara. Nikaenda kwa Tahiru.

Tahiru akasema kosa ni la mshale. Kuna kiboksi kidogo anakifunga kwenye waya wake, anakichezea mpaka mshale useme kweli. "Ila nahitaji pikipiki nyingine ya kulinganishia, mama. Mwende bega kwa bega."

Ikaja ya Neindow, mwanangu mkubwa. Kwenye kikao ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Nyumbani kwetu mwana mkubwa akisema jua ni la kijani, sisi tunauliza kijani gani.

"Mimi sijawahi kupita sabini," alisema, "na ni mwanamume!"

Tukaenda bega kwa bega. Wangu ulisema sitini. Wake thelathini na tano.

"Umeona, mama?"

Tahiru akachezea kiboksi mpaka mshale wangu ukasema sawasawa na wa Neindow. Hakuna aliyemuuliza Neindow chochote. Ungeanzia wapi?

Basi nikawa mstaarabu. Hamsini, sizidishi hata unywele.

Mambo niliyaona, sikatai. Kilemba kilianza kunivuka, nikakibana kwa pini. Miti ilipita haraka, nikasema ni macho ya uzee. Malori ya viazi yakawa nyuma yangu, nikasema madereva wametubu.

Azara akagusa sufuria. "Dada, siku hizi chakula kinafika kinaunguza."

"Barabara wameitengeneza," nikamjibu.

Ndipo ikaja Ijumaa ile ya kukamatwa.

Afande alichukua ufunguo wangu, akanikalisha kwenye benchi chini ya turubai. Nikampigia Neindow.

"Mama, umetuaibisha! Kaa hapo hapo. Namwambia baba mdogo, halafu nakuja. Polepole."

Tulimsikia kabla hatujamwona.

Mashine ikalia. Tisini na nane.

"Sabini!" Neindow akaapa, anagonga kioo cha mshale kwa kidole. "Nimetazama mwenyewe! Mashine yenu mbovu!"

Afande akamtazama, akanitazama. "Ninyi ni ndugu?"

"Ni mama yangu."

"Naona."

Akainama kwenye gurudumu la nyuma la Neindow. Sproketi yake ilikuwa ndogo kama kisahani cha chai, ile wanayofunga vijana wa mashindano.

Neindow, miaka arobaini na tisa, baba wa watoto sita, akaanza kukagua viatu vyake.

"Ulibadilisha lini?" nikamuuliza.

"Mwaka juzi, mama."

"Na mshale hukuurekebisha?"

"Nilikuwa naupenda vile vile."

Hapo ndipo nikaelewa, nikamweleza na afande habari ya kile kiboksi. Mshale wangu ulikuwa unadanganya kwa kuzidisha, wake kwa kupunguza. Sisi tukauchukua wangu tukaufundisha uongo wa wake.

Ziblim akafika kwa baiskeli, jasho tupu. Afande akamwelekezea mashine, sijui kwa nini. Kumi na mbili.

"Nani kapita?" Ziblim akauliza.

"Wote wawili, mzee. Bibi kwa kuamini alichowekewa. Huyu kwa kujua."

Ziblim akanyoosha mkono kuomba ufunguo. Nikasikia njaa ya Azara tumboni mwangu. Mkono ukapita mbele yangu taratibu, ukasimama kwa Neindow.

"Lete."

Tahiru ameurekebisha mshale wangu upya. Safari hii alilinganisha na simu inayosoma mwendo kutoka angani. Simu haina cheo kwenye ukoo.

Neindow siku hizi anakaa nyuma yangu, sufuria mapajani. Anachungulia begani. "Mama, hamsini tu? Tutafika lini?"

Siongezi. Nina mzigo.

Mwanangu unayesoma, kabla hujajipima kwa mtu, muulize na yeye kajipima kwa nani. Akiwa ndiye mwenye kelele nyingi, muulize mara mbili.

Ijumaa iliyopita tulifika salama, jua limeshapinda. Azara akaweka kiganja kwenye sufuria, akakiacha pale muda mrefu.

"Dada," akasema, "barabara imeharibika tena?"