Msusi Aliyeficha Viwiko

Saluni nzima ilimwita Mkono Mwepesi, kwa kuwa vidole vyake vilipita kichwani bila mteja kusema "aa!" Ila hakuna aliyewahi kuona viwiko vyake. Jua liwake lisiwake, yeye na blauzi ya mikono mirefu.

"Shoga, utaiva humo kama yai," mteja alimtania.

"Acha niive. Wewe tulia, nisije nikapinda mstari."

Chini ya blauzi kulikuwa na mabaka mekundu yenye magamba meupe. Kila asubuhi aliyasugua kwa jiwe la visigino hadi yakatoka damu, nayo yalirudi makubwa zaidi. Alijiona mchafu, akaamini yanaambukiza. Kwa wateja alijipa moyo kwamba blauzi inawakinga, lakini kwa binti yake hakuthubutu kubahatisha. "Nenda ukasukwe kwa jirani, mimi nimechoka," alimwambia miaka yote.

Siku moja damu ilipenya blauzi, ikaacha doa kwenye taulo jeupe la mteja. Mteja akauliza limetoka wapi. Alisingizia kwamba kitana kimemchoma, akakimbilia kliniki.

"Hii ni soriasisi, mama. Haiambukizi," daktari wa ngozi alimwambia.

"Sasa inatoka wapi?"

"Ngozi ikiumia hutoa kemikali za kuita msaada. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zina vipokezi juu yake, mfano wa pua ndogo; vikinasa kemikali hizo, chembe huzifuata hadi kwenye ngozi. Kwako ngozi inaita hata pasipo adui, na chembe zikifika zinaita nyingine, ngozi inavimba na kuota magamba. Ukisugua, unazidi kuziita."

"Kwa hiyo lile jiwe langu..."

"Litupe."

Alitoka na dawa ya kupaka, na aibu mpya nzito kuliko ya zamani.

Jioni alimwita binti yake. "Kaa hapa nikusuke."

"Leo hujachoka?"

"Sikuwa nimechoka, mwanangu. Niliogopa kukuambukiza ugonjwa usioambukiza."

Binti alishika nywele zake. "Mimi nilidhani hupendi nywele zangu."

Msusi alichukua kitana. Akaanza kugawa nywele, macho yakimchoma.

"Mama, hiyo blauzi inanikwaruza shingo."

Akakunja mikono hadi juu ya viwiko, uso ukimwaka kwa aibu. Binti akageuka, akayatazama mabaka, kisha akarudisha kichwa magotini pa mama yake.

"Haya, usipinde mstari," akasema.