Sombe kwa Bahindi

Hata leo nikimuona prezida wa komite yetu ya balimu, damu inanichemka.

Mama mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa anaenda ku retraite, kuacha kazi kisha miaka mingi. Aliomba kitu moja tu: tumupeleke kwa ile restora kubwa ya Bahindi hapa Butembo, aonje chakula yao. Miaka yote alipita pale akienda kufundisha, na harufu ilimufuata mpaka ku kona.

Tulikubali wote. Komite ikaenda kupanga chakula, mimi nikabaki na mitihani ya kusahihisha. Iyo njo ilikuwa kosa yangu.

Siku ya feti, pasta akaombea chakula, serveur akafunua masahani: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na makayabo, samaki ya chumvi, kama kila siku kwetu nyumbani.

"Ni sisi tuliagiza," prezida akasema na kucheka. "Mutu hapana kushiba bila bugali!"

Kumbe tulichagua Bahindi sababu ya viti vyao tu! Nilitaka kupindua ile meza. Lakini Mama mwalimu, amevaa kikwembe chake cha mupya, akanawa mikono, akamega tonge, akamushukuru prezida.

Kisha akaniinamia, akauliza polepole: "Mwanangu, na ile inanukia kule jikoni, ni ya nani?"