Nchi Aliyopo Kasimiri

Kasimiri alikuwa amesimama katikati ya shamba lake la ulezi huko Kasesya, upande wa Tanzania, mahali alipolima hata babu yake. Lakini simu yake ilishikilia kwamba yuko Zambia. "Huduma hii haipatikani katika nchi uliyopo," tovuti ya kubashiri mechi ilimjibu, naye akausoma ujumbe huo kwa sauti. Alijua kwamba mnara wa ng'ambo ya mpaka ulikuwa umeidaka simu, ila kujua huko hakukumsaidia. Mechi ilikaribia kuanza, naye alikuwa amejiapiza kubashiri leo kwa mara ya mwisho.

"Baba Rosina, umehama lini bila kuniaga?" mkewe, Cornelia, alimtania huku akikata masuke.

"Usinicheke, Mama Rosina. Mimi niko hapa hapa."

"Ungekuwa hapa, nisingevuna peke yangu. Hebu ilete."

Cornelia aliipokea simu, akapanda juu ya kichuguu, akaiinua. Ukurasa ukafunguka.

"Haya, mwenzako niko Tanzania!" akacheka. Kisha kicheko kikatoweka usoni pake. "Njoo usimame hapa, ucheze hiyo mara yako ya mwisho."

Kasimiri alizitazama hatua chache zilizowatenganisha. Nafasi aliyoihangaikia tangu asubuhi ilikuwa imepatikana, lakini hakusogea, wala hakuelewa kama alichopungukiwa ni hamu au ujasiri. Mwishowe aliokota kisu chake, akainamia ulezi, bado akijiuliza ni nani hasa aliyemkataza kubashiri: simu, mkewe au yeye mwenyewe.