Mwalimu wa Jaji Kedar

Kwetu mwanamuziki hamtaji mwalimu wake hivi hivi, kama anayemtaja muuza mboga. Kabla jina halijatoka mdomoni, vidole hushika ncha ya sikio: nisamehe, mimi ni nani hata nikutaje? Hata mlevi wa bendi ya harusi anaijua adabu hiyo. Nimeanza na hilo ili mtu asije akaniambia hasira zangu hazina msingi.

Dattatray Karmarkar, sisi tunamwita Guruji, yaani mwalimu mheshimiwa, anaishi chumba cha mwisho ghorofa ya pili, katika jumba letu la kupanga pale Girgaon, Mumbai. Alikuwa karani wa reli. Akitoka kazini alivua viatu, akakunja miguu mkekani, akavuta kinanda chake cha mvukuto, na watoto wa jumba zima wakaingia kuimba. Marehemu mkewe alikuwa akilalamika kwamba hata pa kuweka sufuria hapana, kisha anawapikia hao hao watoto. Mtoto akikosea, Guruji hafoki. Anapiga funda la chai, anasema, "Tena."

Ndivyo alivyomlea Kedar Vaze, mtoto wa fundi saa wa ghorofa ya chini. Alianza naye angali na kamasi puani, akamwacha ana masharubu. Kedar akaenda kuimba matangazo ya dawa ya meno na mafuta ya nywele, kisha kaseti za nyimbo za ibada, kisha akawa msaidizi wa watunzi wakubwa wa filamu. Huko alitunga nyimbo ambazo wengine waliziandika majina yao. Alikuwa akija kulia kwa Guruji: "Wameniibia jina langu!" Naye Guruji akimbembeleza. Basi uchungu wa kunyang'anywa jina Kedar anaujua, hakuusoma kitabuni.

Hatimaye filamu moja ikampandisha, na leo ni jaji wa yale mashindano ya kuimba ambayo nchi nzima hufunga milango kuyatazama. Alipokalia kile kiti tu, akazaliwa upya. Tukasikia eti amelelewa na marehemu Ustadh Zahir Baksh, mkubwa wa wakubwa! Ustadh yule Kedar alimbebea ala yake siku moja tu, na aliyempeleka ni Guruji.

"Mwache mtoto apate riziki yake," Guruji alikuwa akiniambia; shemeji ndivyo anavyotuita majirani zake. "Siku moja atanitaja, shemeji. Nami nitakuwa hai nisikie."

Ana miaka themanini na moyo mbovu. Hana anachokitaka duniani ila hicho.

Mwaka huu binti yangu Mrunal, mwanafunzi wake wa mwisho, akafika mbele ya majaji. Nilikuwa pembeni ya jukwaa. Alipomaliza kuimba, Kedar aliinamisha kichwa, akauliza, "Sauti hii imepita mikononi mwa nani?"

Mrunal akashika sikio. "Guruji Dattatray Karmarkar, wa Girgaon."

Kedar alisimama. Mkono wake wenyewe ukaenda sikioni, machozi yakamtoka. "Huyo ndiye aliyenifundisha hata kuvuta pumzi," alisema. Jaji mwenzake, mwimbaji wa filamu mwenye vito shingo nzima, akapiga makofi.

Nilitimua mbio hadi nje ya ukumbi, nikapiga simu nyumbani.

"Amesema hivyo?" Guruji aliuliza. "Mbele za watu?"

"Mbele ya kamera, Guruji!"

Nikasikia jirani anapiga kelele ladu ziletwe, vile vitamu vya sherehe.

Niliporudi, mwongozaji wa kipindi alikuwa amemwinamia Kedar. "Kaka, watazamaji wanajua mwalimu wako ni Ustadh. Leo uwaletee karani wa reli? Utawachanganya. Tunarudia."

Kedar aliangalia viatu vyake. "Haya, turudie."

"Na wewe binti, ukiulizwa, sema umejifunza kwa kusikiliza nyimbo za Kaka Kedar."

"Nikisema hivyo, nitafungua mdomo tena kwa Guruji?"

"Utaufungua kwa nchi nzima. Hutaki, mlango ule pale."

Mrunal akanigeukia. Ndoto yake yote ilikuwa imesimama pale, na yangu pia.

"Usinitazame mimi, mwanangu," nilisema. "Mdomo ni wako."

Akashika sikio, akalitaja jina la Guruji kwa mara ya pili, polepole, akaelekea mlangoni. Mimi sikuweza kuondoka kimya, nikamwita kwa jina lake la utotoni. "Kedu! Ulikula chakula cha mke wa Guruji miaka yote ile, halafu karani ndiyo aibu kwako? Kweli asante ya punda ni mateke!" Walinzi wakanitoa nje.

Kwa Guruji tulisema tu kwamba Mrunal hakuchaguliwa. Lile la kurudia sikulisema. Ladu zilikuwa zimeshaliwa. Nilijipa moyo kwamba watakikata kipande chote, yaishe.

Jumamosi jioni, siku ya kipindi kurushwa, jumba zima lilijazana kwa Guruji. Alivaa kanzu fupi nyeupe iliyopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kumwozesha mtoto. Mrunal hakuonyeshwa hata kisogo. Mara kwenye kioo cha televisheni ikatokea picha ya marehemu Ustadh, ina shada la maua, na filimbi ya huzuni ikilia nyuma. Kisha Kedar anasimama, mkono sikioni, machozi yanamtiririka.

Yale yale! Machozi waliyachukua wakayabandika kwa mtu mwingine. Nimewahi kuona wezi wa sahani na wezi wa viatu hekaluni. Wezi wa machozi, ndiyo kwanza.

Watu walianza kupiga makofi, wakasita. Guruji akanigeukia. "Shemeji, hapo alikuwa akimlilia nani?"

Nikamwambia yote, mpaka mlango aliopita Mrunal. Akamwita binti yangu akae karibu yake, akaomba televisheni izimwe.

Asubuhi yake Mrunal alikuwa mkekani akiimba, nami nikimimina chai, simu ikalia. Guruji hasikii vizuri, simu yake hupaza sauti, basi sote tulisikia.

"Guruji, ni mimi, Kedu. Nisamehe. Si mimi, ni watu wa televisheni. Si unajua kazi zetu zilivyo?"

"Umekosea namba, bwana," Guruji alisema, kwa upole kabisa. "Mwalimu wa Kedar Vaze alishafariki. Jana nimeiona picha yake ina shada la maua, na mwanafunzi wake anamlilia vizuri sana."