Mara Tatu Kabla ya Kuandika

Kitenzi cha kwanza cha Kigiriki nilichokariri chuoni ni tupto, yaani ninapiga. Aliyetufundisha alikuwa mzee mwenye rula ya chuma. Ukikosea mnyambuliko, anakushushia rula kwenye vifundo vya vidole, kisha anacheka: sasa umeelewa maana. Nilimchukia mzee yule. Hata leo nikikutana na neno hilo vidole vyangu hujikunja vyenyewe, na mimi nikikunja vidole huwa tayari ni ngumi. Kwetu Mkonze majirani wananijua. Sina subira, na watoto wangu wamezila bakora zangu za kutosha.

Kwa Kigiriki hicho hicho nilipata kazi ya kukagua tafsiri. Wakulima wa kijiji kimoja cha Chemba, wale wenye lugha ya vidoko, sauti za kugonga ulimi kinywani, walikuwa wanatafsiri maandiko kwa lugha yao. Mimi nilikwenda na kamusi nene ya Kigiriki kwa Kiingereza, ambayo ilikuwa imelichana tupto vipande vipande. Strike ni pigo moja la kawaida. Beat ni kupiga mfululizo, kama mtu anayepura mtama. Smite ni la kizamani, la Mungu akikasirika, na aliyepigwa hivyo mara nyingi haamki. Wound ni kujeruhi, na kamusi inasema hata dhamiri ya mtu hupigwa hivyo. Kazi yangu ilikuwa kujua wenyeji wangesemaje kwa kila pigo.

Hatukuwauliza, "Hili mnaliitaje?" Ukimuuliza mkulima hivyo atakupa neno lolote la kukuridhisha ili arudi shambani. Mimi na kamati yao ya tafsiri tulitenda, watu wakatazama, kisha wakasema walichokiona. Kila tendo lilirudiwa mara tatu: mara ya kwanza watu huropoka, ya pili hubishana, ya tatu ndipo hukubaliana. Kadi zangu zilikuwa na visanduku vitatu, na kadi yenye kisanduku kitupu ofisi iliyonituma ilinirudishia.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa raha. Tulipiga magunia, tukapiga ngozi iliyokaukia ukutani, tukamchapa mbuzi mmoja beberu hadi akavunja kamba akatokomea vichakani, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kila pigo lilikuwa na neno lake, na mimi niliandika nikijiona hodari.

Siku ya tatu tulifika kwenye andiko la mfungwa anayepigwa mdomoni akijitetea mbele ya baraza. Mwenyekiti wa kamati yao, mtu mzima mwenye kusoma vizuri, aliyekuwa nguzo ya kazi yetu pale, akasema hilo ni jepesi. Akamwita mke wake. Mama huyo ndiye aliyekuwa fundi wetu wa maneno. Alilelewa na bibi yake, na alipotamka neno wazee walinyamaza wasikilize. Akaja akasimama mbele ya mumewe, mikono pembeni.

Mume alimpiga mdomoni kwa mgongo wa mkono. Mlio wake haukuwa wa mchezo, lakini watu wakapaza neno kwa pamoja na mimi nikaandika. Nilidhani wanaigiza. Hapana, nitasema kweli: nilitaka kudhani wanaigiza.

"Bado mbili," nikasema.

La pili lilimpasua mdomo. Damu ikashuka kidevuni ikadondokea kanga. Watu wakarudia neno lao, safari hii kwa sauti ndogo. Mama akafuta mdomo kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Si hilo," alisema kwa Kiswahili, ili nami nielewe. "Hilo ni la kumpiga mtu wa nje. Mke ana la kwake." Akalitamka.

Wazee wakaitikia kwamba ni kweli, mama kasema kweli, na wawili wakacheka. Nilimwona mwenyekiti akiangalia wale waliocheka. Mke wake amemsahihisha mbele ya watu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeinamisha kichwa nikiandika sahihisho lake kwa furaha, maana lilikuwa neno zuri, neno ambalo kamusi yangu nzima haikuwa nalo. Nilipoinua kichwa mkono wa mume ulikuwa umeshakunjwa ngumi. Nilikuwa na muda wa kusema basi. Kisanduku cha tatu kilikuwa kitupu, na sikusema.

Ngumi ilitua kwenye sikio. Mama alianguka kwa ubavu, miguu yake ikichimba vumbi.

Mganga wa zahanati alimsafisha, akamwangalia sikio, akasema ngoma imepasuka na mambo mengine yanataka PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa. Tukaondoka kwa gari la kazi kwenda kituo cha polisi Kondoa, mimi na yeye kiti cha nyuma. Njiani aliniambia haikuwa mara ya kwanza, wala ya kumi. Kaka yake anaishi Dodoma, Chang'ombe, na alishamwambia aende, lakini awe na karatasi ya polisi, kwa sababu akimpokea mikono mitupu ataambiwa ameiba mke wa mtu.

"Mwalimu, nikisema mimi, ni mke tu kagombana na mumewe," alisema. "Ukisema wewe wataandika. Nikipata karatasi sirudi tena kule."

"Nitasema, mama," nikamjibu, na nilimaanisha.

Mumewe alitufikia kwa pikipiki tukiwa ndio kwanza tunashuka. Hakutusogelea. Alikaa kivulini nje ya kituo akinywa maji ya chupa, kama mtu anayesubiri zamu yake.

Askari aliyetupokea alikuwa binti mpole. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja, kisha akanigeukia na kalamu yake. "Wewe ulikuwepo. Alimpiga?"

Ningejibu neno moja tu. Lakini nililiona swali linalofuata likija: alimpiga mara ngapi, na nani alikuwa anahesabu? Niliiona ofisi, niliuona mkataba wangu, nilijiona mimi mwenyewe nikisema bado mbili.

"Walikuwa wanaonyesha," nikasema. "Ni sehemu ya kazi yetu. Mkono uliteleza, ni bahati mbaya."

Mama alinitazama. Askari naye alinitazama, akamuuliza mama kama ana la kuongeza. Mama akasema hana. Fomu aliipata, ya matibabu, ikiwa imeandikwa ajali.

Nje jua lilikuwa kali. Mumewe alikuwa amewasha pikipiki. Nilimfuata mama hadi kwenye ngazi, nikamshika mkono, nikamwambia pole.

Akageuza kichwa, akanipa sikio lililobaki. "Umesemaje? Sikusikia."

"Pole, mama."

"Sikusikii."

"Pole!" nikapaza, na watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka wote kututazama.

Akautoa mkono wake kwenye wangu, taratibu, bila hasira. "Sauti hiyo," alisema, "ungeitoa mle ndani."

Akapanda nyuma ya mumewe, akaiweka fomu ndani ya kanga, wakaondoka. Mlango wa kituo ulikuwa wazi nyuma yangu, hatua kumi tu, na sikurudi.