Mapacha Niliowazaa kwa Simu

Dada yangu alijifungua mtoto mmoja, mimi nikamfikishia bibi wawili. Nasema mapema ili msomaji asipoteze muda kunitafutia utetezi. Sikusikia vibaya, sikuchanganyikiwa, wala hakuna aliyenituma. Nilimwongezea dada mtoto kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, kwa kadiri mtu wa kidato cha tatu anavyoweza kuwa nazo.

Kazi ya kumpelekea bibi habari alinipa mama. Ukoo wetu una grupu kwenye simu, na kila mwenye simu janja yumo. Bibi mzaa mama, ambaye ndiye mwenye ukoo, hayumo. Yeye yuko kijijini Nkoma na kitochi chake, kisimu cha vibonyezo kilichofungwa mpira ili betri isidondoke, na akitaka mtandao hupanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi. Basi kila Jumapili tukitoka kanisani mama hunipa simu na kuniambia, "Msomee bibi yako ya wiki hii." Sisi huku Bariadi tumekaa kwenye makochi, bibi kule kasimama juu ya kichuguu kama mnara.

Sasa sikia hizo habari zenyewe. Mjomba mmoja kazi yake ni kutuma picha ya ua jekundu kila alfajiri, "Amka na ushindi." Mtoto wa mama mdogo kamaliza chekechea, kavishwa joho na kofia, ukoo mzima umeandika "Hongera msomi." Msomi mwenyewe pichani kamasi zinamtoka. Mjomba mwingine kabadilisha tairi la gari, kalipiga picha, kaandika "Mungu ni mwaminifu." Mambo hayo ukiyasoma kwa Kisukuma, kwa mtu aliyesimama juani, yanasinyaa. Bibi husikiliza mpaka mwisho, halafu huuliza swali lake moja: "Hayo tu?"

Hiyo "hayo tu" iliniuma kama vile habari nilizitengeneza mimi. Nikaanza kuzitia chumvi. Wa chekechea nikasema amekaribia udaktari. Tairi nikaligeuza gari zima. Bibi akachangamka, akawa anafika kichuguuni kabla sijapiga. Nikajiona mtangazaji.

Hapo ndipo dada akajifungua. Alikuwa amekuja kwetu kujifungulia kwa mama, kama inavyotakiwa kwa mtoto wa kwanza. Shemeji, aliyebaki kazini mbali, akatumiwa picha naye akazitupia grupuni, mbili: mtoto ndani ya blanketi la njano, na mtoto huyo huyo ndani ya blanketi jeupe. Jumapili nikapiga.

"Bibi, dada kajifungua. Mtoto wa kike, kilo tatu. Wote wazima."

"Wabeja, wabeja," bibi akashukuru. Alimshukuru Mungu, akawashukuru na wazee waliokwisha kufa, mmoja mmoja. Kisha akauliza swali lake: "Hayo tu?"

Hayo tu! Binadamu mzima kazaliwa! Nikazitazama zile picha mbili, ulimi ukatangulia.

"Na mwenzake, bibi. Ni mapacha."

Kwa kigelegele alichopiga, nadhani ng'ombe walidhani wanaibwa. Katikati yake simu ikakatika. Jumatatu nilipiga ili nirekebishe, haikupatikana. Kitochi kilikuwa kwa jirani mwenye sola, kinachajiwa. Jumanne sikupiga. Siku zilizofuata nilikuwa na majaribio ya shule, na mimi masomo huyaheshimu sana nikiwa na sababu ya kukwepa jambo lingine.

Kwa Wasukuma mapacha si habari ya kupongezwa kwa ua jekundu. Wakizaliwa, wanawake waliowahi kuzaa mapacha hukusanyika, huja na maji yaliyokorogwa na unga ya kunyunyizia, na huwaimbia wazazi nyimbo za matusi. Matusi kweli, ya nguoni, mchana kweupe, na anayetukanwa haruhusiwi kununa, maana ndiyo baraka yenyewe. Bibi aliwazaa wajomba zangu wawili kwa mkupuo, kwa hiyo yumo kwenye kundi la Nkoma, na kwa koo lile lazima ndiye kiongozi. Yote haya nilikuwa nayajua. Niliyajua kama ninavyoijua fizikia, yaani nikishaiona imesahihishwa.

Jumamosi yake mama alikuwa na ugeni mzito. Mama mkwe wa dada alikuwa anakuja kutoka Iringa kumwona mtoto, na ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga kwetu. Mama alifua mapazia yaliyokuwa safi. Magunia ya choroko yalitolewa sebuleni yakahamia chumbani kwangu, nami nikahamia juu yake. Tukapewa semina: tusicheke mpaka jino la mwisho, tusivute chai kwa kelele, tusiongee Kisukuma mbele ya mgeni asije akadhani tunamsengenya.

"Nataka akirudi kwao aseme mwanawe kaoa kwa watu," mama alisema.

Mgeni alifika, mama wa sauti ya chini, mwenye kushukuru kwa kila kitu, hata kiti. Alimpakata mjukuu, akamwombea, akapewa chai. Mama akaanza kupumua.

Saa tano ikasikika pikipiki ya matairi matatu, ile ya kubebea pamba. Nyuma walikuwamo wanawake saba na ngoma moja, na bibi kakaa mbele na dereva. Hawakupiga hodi. Walishuka tayari wanaimba, na ubeti wa kwanza ulitaja viungo vya shemeji ambavyo hata mwalimu wetu wa baiolojia huvipita akiwa anatazama dirishani.

Mama mkwe akanigeukia, maana nilikuwa karibu. "Wanaimba nini hawa akina mama, mwanangu?"

"Wanamsifu mwanao, mama."

"Jamani! Wanamsifu kwa lipi?"

"Kwa bidii."

Akaweka kikombe chini, akaanza kupiga makofi.

Mama alikuwa amesimama na sahani ya maandazi. Anazijua nyimbo zile na anajua huimbwa lini. Nilimwona akimtazama dada, kisha mtoto, kisha kochi zima kana kwamba kuna mtu kasahaulika hapo. Halafu akanitazama mimi.

Bibi aliingia jasho likimtiririka, bakuli la maji ya unga mkononi. "Wako wapi?"

Dada akamwinua mtoto. Bibi akamnyunyizia, akanong'ona maneno yake, akageuka huku na huku.

"Na mwenzake?"

Aliyejua alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa anahesabu mbao za dari. Nje ngoma ikanyamaza. Bibi akashuka polepole mpaka sakafuni, bakuli akaliweka kando.

"Mmenificha tena," alimwambia mama. "Huyu naye mmemzika wapi?"

Kicheko kikanikauka mle mle kilimokuwa kimejificha. Mwaka uliopita mdogo wake bibi alifariki Malampaka. Mama akasema mtu mzima hapewi msiba kwa simu, atafuatwa ana kwa ana, na mpaka hapo tumwambie anaendelea vizuri. Anayesoma habari ni nani? Ni mimi. Jumapili kwa Jumapili nilimwambia bibi, kule juu ya kichuguu, kwamba nduguye anaendelea vizuri, kwa sababu kila wiki aliyepaswa kumfuata alikuwa na udhuru. Alipopelekwa Malampaka hatimaye, alikuta tuta limeshaota majani. Hakutugombeza. Aling'oa yale majani kwa mkono, yote, tukarudi.

Sasa alikuwa amekaa kwenye sakafu yetu iliyopigwa deki kwa ajili ya mgeni, akisubiri kuambiwa kaburi la pili liko wapi.

"Bibi," nikasema. "Hakuna aliyekufa. Alizaliwa huyo mmoja. Wa pili nilimtunga mimi."

"Ulimtunga?"

"Ndiyo, bibi."

"Mtoto?"

"Ulisema hayo tu."

Mwanamke mmoja mwenye ngoma kiunoni akachungulia mlangoni. "Ati nini? Yaani matusi yote yale tumemtukana baba wa mtoto mmoja?"

"Mmoja, mayu," mwenzake akamjibu. "Baraka hapo hamna. Tumetukana tu."

"Kutoka Nkoma!"

"Na vumbi lile!"

Mama mkwe hakuelewa Kisukuma chao, lakini sura za watu alizisoma. Akauliza kwa upole kumetokea nini. Mama akanielekezea kidole.

"Mfasirie mama. Na nyimbo. Zote."

Nilisimama, mikono nyuma, kama mtu anayeghani shairi mbele ya mkuu wa mkoa. Ubeti wa kwanza niliupitisha kwa Kiswahili cha hospitali. Wa pili haukuwa na Kiswahili cha hospitali. Kufika wa tatu mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, nikajua nimemliza mgeni wa mama. Akafunua uso. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

"Na huyo mwanangu walivyomjua!" akasema. "Si ndiye kabisa!"

Wanawake wa mlangoni waliipata ile bila mkalimani, wakaangua kicheko, ngoma ikapigwa kidogo kwa bahati mbaya. Dada akacheka huku anashika tumbo lake. Mama alicheka upande mmoja tu wa mdomo, ule usionielekea mimi.

Bibi hakucheka. Alinyoosha mikono.

"Nileteeni. Nimhesabu mwenyewe."

Akapakatishwa mtoto. Akafungua blanketi, akahesabu vidole vya mikono, vya miguu, akagusa sikio hili na hili, akaweka kiganja kifuani mwa mtoto akakiacha hapo kwa muda. Kisha akaanza upya kutoka vidole. Sebule nzima ilimngoja.

"Ni mmoja," akasema mwishoni. "Na yupo mzima."

Mimi hakunitazama. Ningependa kuandika kwamba alinisamehe, lakini nimeshazua vya kutosha.

Mama akaniita uani kwa kichwa. Nilimfuata nikiwa nimeandaa hotuba ya toba yenye sehemu tatu. Hakuihitaji. Alifunua sufuria ya pilau, akaangalia kama itawatosha watu wanane ambao hakuwahesabu, akaifunika. Kutoka ndani ikasikika sauti ya bibi akizungumza na mtoto. Ndipo akasema:

"Mimi nilimficha msiba, wewe umemzulia mtoto, halafu tunasema yeye ndiye asiyejua kutumia simu. Chukua birika ukawanawishe wageni mikono. Anza na bibi yako."